Barua ya cheo na kadi ya chama: kisa cha dereva wa vifurushi Tabora

Mpwa wangu alifika Isevya Jumapili jioni, akaegesha pikipiki chini ya mwembe, akaingia na bahasha ya kaki aliyoikunja mara mbili kama mtu anayeficha karata. Akanipa shikamoo, akawatania watoto, akanywa maji, kisha akaanza kuzungumzia mvua. Nikajua kuna jambo. Mwenye habari njema tupu haanzi na mvua.

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya kupandishwa cheo. Kwa miaka saba amesambaza vifurushi kwa kampuni moja ya usafirishaji wa mizigo midogo: alianza na pikipiki, akapewa Kirikuu, na sasa anaendesha Canter ya Urambo na Kaliua. Kampuni inataka awe msimamizi wa uendeshaji wa tawi la Tabora, na inataka jibu ndani ya siku kumi. Aya ya mwisho, iliyoandikwa kwa lugha ya utaratibu tu, inamtaka ajaze fomu ya kujitoa chama cha wafanyakazi kwa sababu nafasi hiyo ni ya menejimenti.

Naandika kwa ruhusa yake. Kampuni siitaji, chama sikitaji, na tarakimu za mshahara nimezizungusha kidogo asije akatambulika, ila uwiano wake ni ule ule. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwandaaji wa mishahara, na barua za namna hii nimechapa nyingi, baadhi bila hata kuzisoma hadi chini. Kwa hiyo nikilaumu, najilaumu na mimi.

Kazi aliyonayo

Tawi lina watu kumi na wanne. Mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza yakishafika, mizigo hupakuliwa na kupangwa kwa wilaya, asubuhi magari yanatoka: Nzega na Igunga njia moja, Sikonge ya pili, Urambo na Kaliua ya tatu. Vijana wa pikipiki wanabaki mjini, Cheyo, Kanyenye, Ipuli, Ng'ambo. Kinachobebwa kila mwenyeji anakijua. Nguo na vipuri vya simu vya Kariakoo, dagaa na mawese ya Kigoma, dawa za maduka ya wilayani. Na kwa kwenda nje, asali, madumu kwa madumu, ambalo moja likivuja tawi zima linanata kwa wiki.

Mshahara wake wa msingi ni sh. 480,000. Juu yake kuna posho ya nyumba ya sh. 50,000, ambayo haikutoka kwenye huruma ya mtu: imo katika mkataba wa hali bora uliosainiwa kati ya kampuni na chama. Kisha kuna ovataimu. Gari la Kaliua likikwama kwenye matope ya Januari halirudi saa kumi na moja jioni eti kwa sababu zamu imeisha, na kila saa inayozidi inaandikwa. Chama kinakata asilimia 2 ya mshahara wa msingi, yaani sh. 9,600. Na kuna jambo alilolitaja mwisho kabisa, kama la kupita: huu ni mwaka wake wa pili akiwa mwakilishi wa chama tawini. Wakati wa vikao vya nidhamu, yeye ndiye anayekaa upande wa mfanyakazi.

Nilipolisikia hilo nikaisoma barua upya, polepole.

Simu ilimpeleka Marekani

Kabla ya kunijia alikuwa ameshaomba ushauri kwenye simu, na simu ikampeleka Marekani, kwa madereva wa UPS, kampuni kubwa ya kusambaza vifurushi.

"Mjomba, kule dereva mwenye kadi anamzidi kipato bosi wake," akasema. "Na wote wanasema jambo moja: ukikubali umeneja, kadi unairudisha."

Kwa kule, hakudanganywa. Mkataba ambao chama cha Teamsters kilifunga na UPS mwaka 2023 unawahusu wafanyakazi wapatao 340,000 na unaishia Julai 2028, na kwa hesabu zilizotangazwa, dereva wa muda wote aliyefika juu ya ngazi atakuwa anapata wastani wa dola 49 kwa saa mkataba unapomalizika. Msimamizi wa zamu anayekesha ghalani analipwa mshahara usiohesabu saa, kwa hiyo si ajabu kabisa kukuta dereva anamwacha mbali. Na kuhusu kadi, Marekani wana sheria ya mwaka 1947 iitwayo Taft-Hartley iliyowaondoa wasimamizi katika ulinzi wa kisheria wa kujiunga na vyama na kujadiliana kwa pamoja. Ukivuka umevuka. Januari 2024, miezi michache tu baada ya mkataba ule, UPS ilitangaza kupunguza watu 12,000, na wengi wao walikuwa wa menejimenti. Nilipomwambia hilo mpwa wangu alinyamaza kidogo. Video alizoziona hazikuwa zimefika hapo.

Kuna kitu kingine cha kule kinachonifurahisha. Mkataba wao unamzuia msimamizi kufanya kazi za wanachama, isipokuwa kwa sababu maalumu. Bosi akikutwa anapakua vifurushi, mwanachama anafungua malalamiko na kampuni inaweza kulipa. Jaribu kulieleza hilo kwenye tawi la watu kumi na wanne, dereva mmoja ana malaria na basi la Mwanza limeshaingia. Msimamizi wa hapa anabeba, anaendesha, anapokea simu ya mteja wa Sikonge aliyekosa mzigo, halafu usiku anafunga hesabu. Sasa mtu wa namna hiyo yuko upande gani? Swali hilo Wamarekani walilijibu kwa mstari mmoja mnyoofu. Sisi sheria yetu imelijibu vingine, na hapo ndipo barua ya mpwa wangu ilipokuwa na kasoro.

Nani hasa ni menejimenti

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 9, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Anayewekewa mpaka ni mfanyakazi wa menejimenti ya juu peke yake: huyo haruhusiwi kuwa katika chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa chini yake kwa mwajiri huyo huyo. Na sheria haikuliacha neno hilo lielee. Menejimenti ya juu ni mtu ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na pia ana mamlaka ya kufunga mikataba ya hali bora kwa niaba ya mwajiri. Yote mawili kwa pamoja.

Nikamuuliza, "Wewe utatunga sera gani?"

Akacheka. "Labda ya nani alale na funguo za stoo."

Msimamizi wa tawi la Tabora hatungi sera wala hasaini mkataba wa hali bora. Mkataba uliopo ulisainiwa Dar es Salaam na watu ambao yeye huwaona kwenye picha za kalenda. Kwa hiyo kumtaka arudishe kadi ili apate cheo hakuna mguu wa kusimamia. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kubaguliwa kwa kuwa mwanachama au kwa kushiriki shughuli halali za chama. Sidhani kama afisa rasilimali watu alikusudia ubaya. Nadhani fomu ile ilinakiliwa kutoka barua ya meneja fulani wa makao makuu, ikashuka ngazi kwa ngazi hadi ikamfikia dereva wa Kaliua. Makaratasi ya ofisini yanazaana hivyo.

Mpwa wangu akadhani tumemaliza. Alikuwa ameshaanza kuikunja barua. Nikamwambia akae, maana jambo la kadi ndilo linaloonekana, na mara nyingi linaloonekana ndilo dogo.

Kubwa lilikuwa katika aya ya pili, mstari ambao yeye aliuruka: msimamizi atawajibika moja kwa moja kwa mkurugenzi wa uendeshaji, Dar es Salaam. Ukisoma haraka ni sifa. Unaripoti kwa mkurugenzi, hakuna mtu katikati! Lakini kifungu cha 17 cha sheria hiyo hiyo kinasema kanuni za saa za kazi hazimhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Na mkurugenzi yule, anayetunga sera na ambaye sahihi yake iko chini ya mkataba wa hali bora, ndiye huyo hasa.

Maana yake ni hii. Dereva wa leo analindwa na saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku 6. Ikizidi, analipwa mara moja na nusu, na haipaswi kuzidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Akiitwa siku ya mapumziko au sikukuu, analipwa maradufu. Siku anaposaini barua ile, yote haya yanamvuka kama basi lililojaa. Cheo chenyewe hakina nguvu ya kumvua ulinzi huo. Unaovua ni mstari unaosema anaripoti kwa nani. Angekuwa na cheo hicho hicho, kazi hiyo hiyo, mshahara huo huo, lakini akaripoti kwa meneja wa kanda aliyeko Mwanza, ambaye naye hasaini mikataba ya hali bora, ulinzi wote ungebaki.

Na kwa kweli ya kila siku, nani humpigia msimamizi wa Tabora simu saa mbili usiku kuuliza gari la Nzega liko wapi? Meneja wa Mwanza. Mkurugenzi hajui hata kama tawi lina Canter mbili au tatu.

Hesabu

Hapa nilileta kalamu, maana mpwa wangu alikuwa anaona namba moja tu: 480,000 inakuwa 720,000. Nusu nzima imeongezeka! Mke wake alikuwa ameshaigawa.

Saa moja ya dereva unaipata kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kisha kwa 45, kama jedwali la sheria linavyoelekeza. Kwa 480,000 inakuwa kama sh. 2,460, na ya ovataimu sh. 3,690. Slipu zake za miezi sita zilionyesha wastani wa saa 35 za ziada kwa mwezi, yaani kama sh. 130,000. Ukijumlisha na posho ya nyumba anafika sh. 660,000. NSSF asilimia 10 inachukua 66,000. Kodi inatozwa kwenye 594,000 zinazobaki na inakuwa 34,800. Chama 9,600. Anakwenda nyumbani na sh. 549,600.

Cheo kipya ni sh. 720,000, na barua inasema mshahara ni jumuishi, neno la ofisini lenye maana ya kwamba usiulize posho. Posho ya nyumba inakufa kwa sababu mkataba wa hali bora unawataja madereva, wapakiaji na makarani, hauwataji wasimamizi. Ovataimu inakufa kwa kifungu cha 17. NSSF 72,000, kodi 45,600. Kadi ameirudisha, hakuna makato ya chama. Mkononi sh. 602,400.

Ile nyongeza ya 240,000 imekuwa 52,800.

Na hapo bado saa hazijahesabiwa. Nilimshauri ampigie aliyekuwa msimamizi kabla yake, ambaye siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki Ipuli. Jamaa akamwambia alikuwa akifungua ofisi saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka basi la mwisho likishapakuliwa, na kwamba kuhesabu saa aliacha mwezi wa pili kwa sababu kulimtia hasira. Tukikadiria saa 60 kwa wiki, ni kama 260 kwa mwezi. Dereva, pamoja na ovataimu yake, anafanya 230. Gawa: dereva anabaki na karibu sh. 2,390 kwa kila saa ya maisha yake, msimamizi sh. 2,317. Umepanda ngazi, bei ya saa yako imeshuka. Mwezi wa Desemba dereva akifikisha saa 50 zinazoruhusiwa, anaondoka na karibu 588,900, na tofauti yake na bosi wake ni sh. 13,500 tu. Hela ya vocha, na bosi ndiye anayepiga simu nyingi.

Nisiwe kama wakili wa upande mmoja, ingawa. Mshahara wa msingi una uzito ambao ovataimu haina. Ovataimu ni ya msimu: bosi akiamua kuajiri dereva wa pili wa Kaliua, 130,000 yote inayeyuka na hakuna kikao utakachoitisha. Kiinua mgongo cha kisheria kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi. Kwa miaka yake saba, akipunguzwa kazi akiwa dereva angepata kama sh. 905,000, akiwa msimamizi, kama sh. 1,357,000. Malipo badala ya notisi nayo yanafuata mshahara huo huo. Na likizo yake ya siku 28 haiguswi, kwa sababu kifungu cha 17 kinaondoa saa za kazi peke yake. Likizo na kinga dhidi ya kuachishwa bila sababu halali viko mahali pengine kwenye sheria, na havimtoki kwa kuwa msimamizi. Kuna pia mgongo. Ana miaka 34, na madumu ya lita ishirini ya asali hayajui umri. Hilo sikuweza kuliwekea namba na sikujaribu.

Baba mkwe na Uamuzi wa Busara

Kabla ya siku ya tatu ukoo ulikuwa umeshaingia. Dada yangu, mama yake, alitaka akubali tu, kwa sababu mtoto wa jirani ni karani na anavaa tai. Baba mkwe wake, mzee wa reli wa zamani, alikuja na hoja nzito zaidi. Tabora hii, akasema, ndipo TANU ilipokaa Januari 1958 ikaamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Masharti yalikuwa mabaya na wengi walitaka wasusie. Wakaingia, wakashinda, na tukauita Uamuzi wa Busara. "Ingia kwanza," mzee akamwambia mkwewe, "ukiwa ndani utatengeneza."

Watu wa Tabora tunaupenda mfano huo, tunautumia hata kwenye kuamua kama tununue mbuzi. Lakini safari hii nilimpinga mzee, kwa heshima zote. TANU iliingia kwenye uchaguzi ule ikiwa TANU. Hakuna aliyewaambia wavunje chama mlangoni ndipo wapewe karatasi ya kura. Mpwa wangu anaambiwa aingie peke yake, mikono mitupu, halafu atengeneze. Atengeneze na nani?

Mzee alifikiri, akavuta kofia yake, akasema sisi wa reli tuligoma 1960 karibu miezi mitatu na kuna wasimamizi waliotusaliti na kuna waliotupelekea unga usiku. Hakufafanua. Ila baada ya hapo hakusema tena "ingia kwanza".

Jambo ambalo sikuwa na jibu lake

Kadi inaweza kubaki. Uwakilishi je?

Mpwa wangu alitaka vyote, na hapa tulibishana kweli. Kazi ya mwakilishi wa chama ni kumsimamia mwanachama kwenye malalamiko na vikao vya nidhamu, na kumwangalia mwajiri kama anafuata sheria. Kazi ya msimamizi ni kuandika ripoti inayomleta mwanachama huyo kwenye kikao. Huwezi kukaa viti viwili vya meza moja. Sheria haimfukuzi kwenye uwakilishi kwa jina, lakini kijana wa pikipiki aliyepoteza kifurushi cha simu tatu hatamwamini mtetezi aliyemwandikia onyo asubuhi yake.

"Lakini mimi nawajua," akasema. "Najua nani mwizi na nani ana bahati mbaya."

Ni kweli, na ndiyo sababu kampuni inamtaka. Akanikumbusha wapagazi. Kila Mnyamwezi amelelewa na hadithi za mababu waliobeba pembe hadi Bagamoyo, na katika misafara ile kulikuwa na kirangozi, kiongozi aliyetangulia mbele, ambaye mara nyingi naye alikuwa mpagazi. Wenzake walimfuata kwa sababu aliijua njia na alikuwa mmoja wao. Mpwa wangu anataka kuwa kirangozi. Nikamwambia kirangozi hakuwa na kitabu cha maonyo. Akasema labda alikuwa nacho, ila hakikuandikwa. Nikashindwa hapo, nikakubali kushindwa.

Lakini kuhusu uwakilishi aliafiki mwenyewe, siku mbili baadaye, bila mimi kumsukuma. Aliandika barua kwa katibu wa chama kwamba ataachia nafasi siku atakayoanza kazi mpya, uchaguzi uitishwe.

Kuna mtego mdogo aliouona yeye, mimi sikuuona. Akibaki mwanachama atakatwa asilimia 2 ya 720,000, yaani sh. 14,400 kila mwezi, wakati mkataba wa hali bora haumhusu kwa sababu wasimamizi hawamo kwenye kundi linalojadiliwa. Atalipia mwavuli unaowafunika wengine. Tukaenda kwa katibu wa chama wa mkoa, mwanamke asiye na maneno mengi. Alikiri kwamba ndivyo ilivyo. Chama kitamwakilisha akishitakiwa kwa kosa, na kitampeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama kuna haja, lakini posho ya nyumba hataipata hadi mkataba mwingine ujadiliwe na wasimamizi wa matawi waingizwe. Akasema wanachama hawajawahi kuliomba hilo. Mpwa wangu akamwambia: sasa mmeombwa.

Alichopeleka na alichorudishiwa

Wapo walioshauri akaimu kwanza miezi mitatu aone. Nilikataa. Kukaimu kwa ofisi zetu nakujua: miezi mitatu inakuwa miaka miwili, posho ya kukaimu inakuwa inashughulikiwa, na siku unapodai unaambiwa hukuthibitishwa.

Siku ya nane alipeleka jibu la ukurasa mmoja. Alishukuru, alikubali kazi, na aliomba mambo matatu. Awajibike kwa meneja wa kanda, Mwanza, kama shughuli zinavyokwenda sasa. Aya ya fomu ya chama iondolewe. Na nafasi hiyo ikifutwa ndani ya mwaka mmoja, arudishwe kwenye udereva. Kifungu cha 17 hakukitaja hata kwa herufi. Hilo lilikuwa wazo la katibu: ukimwonyesha mtu mlango anaoweza kuufunga, ataufunga.

Majibu yalichukua wiki mbili. Aya ya chama iliondolewa bila maelezo, na afisa rasilimali watu akampigia simu kumwambia lilikuwa kosa la uchapaji. Mstari wa kuripoti ulibadilishwa, kwa sababu meneja wa Mwanza naye aliutaka. Hakufurahia mtu wa kanda yake aruke kichwa chake. Ombi la kurudishwa kwenye udereva lilikataliwa: sera haina kitu kama hicho. Na wakaongeza lao. Ovataimu ya msimamizi lazima iidhinishwe kabla, na isizidi saa 20 kwa mwezi.

Tukarudi kwenye kalamu. Saa ya ziada kwa mshahara mpya ni karibu sh. 5,540. Saa 20 ni sh. 110,800. Baada ya NSSF, kodi na chama, mkononi anafika kama sh. 667,700, yaani 118,000 juu ya alizokuwa akipata. Si zile 240,000 za ndoto, ila si zile 52,800 za barua ya kwanza pia. Akasaini.

Mwezi wa kwanza umeisha wiki iliyopita. Mwakilishi mpya aliyechaguliwa ni kijana mmoja wa pikipiki wa Ng'ambo, ambaye mpwa wangu mwenyewe alimfundisha kazi, na kikao chao cha kwanza cha meza mbili tofauti kilihusu dumu la asali lililovuja juu ya nguo za mteja. Mfanyakazi aliyeitwa kikaoni alipewa onyo la mdomo. Mpwa wangu na mwakilishi hawakusalimiana siku nzima, kesho yake wakanywa chai.

Jana jioni alinitumia picha ya slipu. Makato ya chama yapo, sh. 14,400. Ovataimu zipo saa 20. Kwenye daftari lake, alilokuwa akiandika kila usiku kabla ya kufunga stoo kama nilivyomsisitiza, kuna saa 43. Ameshamwandikia meneja wa Mwanza kuuliza zile 23 zinalipwaje, au basi la mwisho litapakuliwa na nani kuanzia sasa. Nakala amempa mwakilishi.